Mgeni Alale

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi iliyopita hapa Tanga mjini, mbele ya waongoza wageni, wenye gesti, madereva wa bajaji na bodaboda, mama lishe, na manahodha wachache waliokubali kuikosa bahari siku moja. Wengi mmenipigia simu mkisema mlikosa. Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Picha za ukutani nimeziacha. Hata waliokuwepo hawakuziona vizuri, umeme ulikuwa na mambo yake.

Assalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote.

Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Waliobaki, tuseme itifaki imezingatiwa, maana nikianza kutaja mmoja mmoja pilau ya huko nyuma itapoa na mtanilaumu mimi.

Mimi ni mtoto wa Muheza, nimeolewa Pangani, naishi hapa Chumbageni. Mwaka wa kumi na tisa huu natembeza wageni. Kabla sijaendelea, naomba mikono. Nani humu amewahi kuingia ndani ya magofu ya Tongoni? Sijasema kuyapita ukiwa kwenye gari la Pangani. Nimesema kushuka, kuingia, kutembea kati ya makaburi.

Nahesabu. Kumi na moja. Na humu ndani tunakaribia tisini. Jamani, Tongoni ni kama kilomita 17 tu kutoka hapa! Mtu wa baiskeli, na Tanga ndiyo kwao baiskeli, anakwenda na kurudi kabla ya adhuhuri. Haya, mapango ya Amboni? Hapo afadhali, shule zilitupeleka. Shushe mikono.

Sasa mgeni anapoingia nchi hii kwa mara ya kwanza, anaambiwa nini? Anaambiwa Serengeti, Ngorongoro, Kilimanjaro, kisha akapumzike Unguja. Hakuna ubaya, ni pazuri, na mimi nikipata nauli nakwenda. Lakini sisi tumekaa tunalalamika kwamba hatujulikani. Atatujulisha nani, ikiwa watu kumi na moja kati ya tisini ndio waliowahi kushuka Tongoni?

Tuna msemo wetu, kila mtu anaujua. Tanga, waja leo...

(Ukumbi: Waondoka leo!)

Waja leo waondoka leo. Tunausema kwa mbwembwe, tunacheka. Mimi leo nimekuja kugombana nao. Kama kuna kitu kinachotuua sisi tunaoishi kwa wageni, ni huyo mgeni anayekuja leo na kuondoka leo. Na mara nyingi, ndugu zangu, hafukuzwi na mtu mwingine. Tunamfukuza sisi wenyewe, kwa ratiba.

Nianze na kosa langu.

Miaka saba iliyopita alinipigia mwalimu mmoja, mama wa Dodoma. Alikuwa na watoto wawili, wa kiume miaka tisa, wa kike sita. Hawajawahi kuona bahari. Ana siku moja tu. Akaniambia, "Dada, nionyeshe vyote." Na mimi, kwa tamaa, na kwa kupenda sifa, nikamjibu kwamba vyote utaviona. Nikapanga. Asubuhi Amboni, saa tano Tongoni, saa saba mlo Pangani, alasiri kisiwa cha Maziwe, usiku mmerudi mjini. Vituo vinne, siku moja. Nilijiona fundi.

Amboni tukapita mbio kama tunafukuzwa na nyuki. Tongoni watoto walishuka dakika kumi, mmoja akawa anataka soda. Barabara ya Pangani wakati ule ilikuwa vumbi na mashimo, tukafika saa nane na nusu. Nahodha niliyemzoea, mtu mzima, alikuwa amekaa kivulini anashona wavu wake. Nikamwamkia, nikamwambia tunakwenda Maziwe sasa hivi. Hakuniangalia. Akaangalia juu, akasema, "Mwanangu, leo mwezi umetimia." Akarudi kwenye wavu.

Watu wa pwani, mtu mzima akikwambia mwezi umetimia, si amekwisha kukujibu? Mimi nikaona ananizungusha apandishe bei. Nikamwendea kijana mmoja mwenye boti ya mashine, akakubali bila kufikiri, tukapanda.

Niwaeleze waliotoka bara. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, tunapata bamvua. Maji yanakupwa sana na kujaa sana, tofauti yake inapita mita tatu, kimo cha nyumba. Katikati hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, bahari haina makeke. Na huku kwetu siku za bamvua kuna desturi ambayo kila mvuvi anaijua: maji yanakuwa makavu mnamo saa nne asubuhi, na yanajaa pomoni mnamo saa kumi alasiri.

Na Maziwe ni nini? Ni fungu la mchanga, kilomita kama nane kutoka mdomo wa mto Pangani. Zamani lilikuwa kisiwa chenye miti, mivinje imesimama, kasa wanapanda kutaga. Kikatangazwa hifadhi. Miti ikaisha, bahari ikala udongo, na kufika miaka ya 1980 ukabaki mchanga mtupu. Ukija wakati wa bamvua, maji yakijaa, bahari inaufunika wote.

Sisi tumefika saa kumi kasoro robo. Kijana akazima mashine. Kimya. Maji ya kijani kibichi, mazuri ajabu, unaona mchanga chini kabisa, na samaki wadogo wanapita na vivuli vyao. Yule mtoto wa kiume akasimama, akageuka kulia, akageuka kushoto. Akaniuliza, "Anti, kisiwa kiko wapi?"

Ningemjibu nini? Nikamwambia, "Tuko juu yake, mwanangu."

Binti alitapika njia nzima ya kurudi. Mama yao hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Alinilipa pesa yangu yote, akanishukuru, akalala kwenye kiti cha gari hadi mjini.

Sasa sikilizeni hesabu. Saa nne asubuhi siku ile ile, wakati mimi nawakimbiza pangoni, Maziwe ilikuwa nje, mchanga mweupe, unatembea mpaka unachoka. Na kesho yake mnamo saa tano kasoro ingetoka tena, kwa sababu maji huchelewa kama dakika hamsini kila siku. Wale watoto hawakuhitaji mwongozaji hodari. Walihitaji kitanda Pangani. Usiku mmoja!

Ndipo nilipoanza kuelewa biashara yangu. Twiga wa mbugani utamkuta asubuhi, utamkuta jioni. Vitu vyetu huku vingi vina saa zake. Kisiwa kina saa yake. Msitu una saa yake. Mzee anayejua habari za mahali naye ana saa yake, na siyo saa ambayo wewe umemkatiza akienda kuswali. Ukimleta mgeni kwa haraka, anaona mawe, anaona maji, anarudi kwao anasema Tanga hakuna kitu. Nani mwongo hapo?

Niwapandishe Amani kidogo, kwetu, kwenye milima ya Usambara.

Alikuja bibi mmoja wa Kijerumani, miaka 71, peke yake, begi moja la mgongoni. Tukapita Muheza, tukanunua machungwa, tukapandisha mlima. Barabara ile mvua ikinyesha msiniulize. Tulifika jioni kwenye ukungu wa kumeza mtu, mita kumi mbele huoni. Ningekuwa yule wa zamani, ningempiga picha mlangoni nikamrudisha. Tukalala. Tukala ugali na kisamvu, tukasikiliza vyura usiku kucha.

Asubuhi ukungu umeinuka, kijana wa pale akatuongoza kwenye kijito. Penye jiwe lenye kivuli, linalotiririka maji pembeni, akatuonyesha ua. Dogo. Zambarau, katikati njano, majani yana manyoya kama sikio la paka. Yule bibi akavua kofia. Akapiga magoti, kwenye tope, na suruali yake safi.

Akatuambia kwamba mama yake alikuwa na chungu cha ua lile dirishani jikoni. Kwa Kijerumani linaitwa kwa jina la Usambara. Yaani neno Usambara alilijua akiwa mtoto mdogo, kabla hajajua kusoma, na miaka mingi hakujua kwamba ni mahali. Alidhani ni jina la ua tu.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa huku, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliliokota akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea, Hermann Wendland, akaliandika kitabuni na kulipa jina la kisayansi kutokana na jina la ukoo wa huyo Baron. Leo linauzwa kwenye vyungu karibu dunia nzima. Mahali pale Amani penyewe Wajerumani walianzisha bustani ya mimea na kituo cha utafiti mwaka 1902, wakapanda miti kutoka kila upande wa dunia, na mingine ipo mpaka leo. Mwaka 1997 msitu ukawa hifadhi ya mazingira asilia.

Na mimi, mtoto wa Muheza, nimepita jirani na ua lile tangu naokota kuni na bibi yangu. Nimelifahamu nikiwa na miaka thelathini na kitu, naonyeshwa na mgeni aliyepiga magoti. Aibu? Ndiyo, aibu. Naisema hapa ili na wewe ukaitafute yako.

Yule bibi alisema siku moja. Akakaa nne. Tufanye hesabu ya dukani. Mgeni wa siku moja ananunua nini? Kiingilio na maji ya chupa. Aliyelala je? Analala kwa mwenye gesti. Anakunywa chai na maandazi kwa mama lishe. Ananunua vocha, dawa ya mbu, kanga, anapanda boda mara tatu, anafuliwa nguo. Jioni anakaa na wazee barazani, anakunywa kahawa chungu na kashata, na hapo ndipo anaposimuliwa vitu ambavyo mimi siwezi kumuuzia. Madereva, mnanielewa? Mnapenda safari ndefu ya siku moja kwa sababu inalipa leo. Sawa. Lakini safari tatu fupi za mgeni mmoja, si zaidi?

Kuna jambo dogo nataka niliseme, wengine mtacheka. Choo.

Cheka, cheka, lakini sikiliza. Mimi nami nimekuwa mgeni. Mwaka fulani nilikwenda Kolo, kule Kondoa, kuona michoro ya miambani, ile ambayo mwaka 2006 iliingia katika urithi wa dunia. Nimeshuka kwenye basi, simjui mtu, jua kali, begi zito. Mgeni wa mara ya kwanza ana maswali matatu kichwani na haulizi hata moja kwa sababu anaona haya: choo kiko wapi, maji nitapata wapi, na nitaondokaje hapa. Akatoka mama mmoja aliyekuwa anauza karanga. Hakunisalimu kwa bei. Alisema, "Karibu mwanangu, choo kile pale nyuma, maji haya hapa, na basi la mwisho hupita saa kumi, mimi nitakwambia likija." Basi! Mabega yakashuka. Nikapanda mwambani nimetulia, nikaangalia wale wanyama na watu wembamba wa rangi nyekundu kwa macho yangu yote mawili. Karanga zake nilinunua mafungu manne.

Ungekuwa wewe ungeanza na nini? Mimi najua wengi wetu tunaanza na, "Unataka kwenda wapi, njoo nikupeleke." Mtu hajapata hata pa kujisaidia.

Halafu kuna ukweli. Hapa naomba tusikasirikiane.

Amboni, tunaambiwa, pango linakwenda mpaka Mombasa. Kuna mbwa aliingia Amboni akatokezea Kilimanjaro. Mmeisikia? Nimeisikia tangu utotoni na naipenda. Lakini nimemsikia mwongozaji, kijana mzuri tu, anamwapia mgeni kwamba ndivyo ilivyo. Mgeni mwenyewe kumbe kazi yake ni kupima mapango! Wataalamu walipapima mwaka 1994, na pango refu kuliko yote likakutwa lina mita kama 900. Yule mgeni alitabasamu, na tangu dakika ile kila alichoambiwa alikitilia shaka, hata kilichokuwa kweli. Akaambiwa mawe yale ya chokaa yana umri wa miaka milioni 150 hivi, ambayo ni kweli, naye akatabasamu vile vile.

Sasa hekaya tuifukuze? Hapana, jamani! Mbwa abaki. Sema, "Wazee husema." Maneno mawili tu, na mbwa wako anakwenda Kilimanjaro salama. Kisha mwonyeshe pale watu wanapoweka nadhiri zao, chupa za marashi, vitambaa, umwombe anyamaze kidogo kwa heshima. Hilo halihitaji kuongezewa chumvi.

Na silikanti hivyo hivyo. Samaki huyu wataalamu waliamini amekwisha duniani tangu enzi za madainosaria, mpaka mwaka 1938 alipopatikana Afrika Kusini. Baadaye wavuvi wa Tanga wakaanza kumkuta kwenye nyavu zao, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari yenye jina lake hapa kwetu. Ni habari ya kumsisimua mtu yeyote. Lakini anakaa vilindini, kwenye giza. Ukimwambia mgeni kwamba utampeleka kwa boti akamwone, wewe unamwibia. Mpeleke ufukweni, mkalishe na mvuvi, amsikilize.

Ya mkonge na reli nayapitia tu, mengi mnayajua: reli kuanza hapa Tanga mwaka 1893, na mwaka huo huo Richard Hindorf kuleta miche ya mkonge kutoka Florida, elfu moja ikaagizwa, ikafika hai 62, ikapandwa Kikogwe, upande wa pili wa mto Pangani. Miche 62! Ukipita na mgeni kwenye mashamba ya mkonge huko njiani, mwambie namba hiyo kisha mwache aangalie dirishani.

Tongoni ndiyo nilitaka niimalizie, kwa sababu ya ile mikono kumi na moja.

Unafika, kuna msikiti uliobomoka, na makaburi zaidi ya arobaini, mengine yenye nguzo. Zamani ulikuwa mji wa watu wenye mali, mji wa Mtangata. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipita hapa na jahazi lake moja likakwama mwambani, na mwaka uliofuata, wakati anarudi, moja ya meli zake, São Rafael, likachomwa moto hapo hapo kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha. Hayo Wareno waliyaandika wenyewe.

Lakini mimi mgeni simwanzii na Mreno. Namsogeza kwenye kaburi, namwambia, weka kidole hapa. Kuna kishimo cha duara ukutani, kimesakafiwa vizuri, kikubwa kama bakuli la uji. Namuuliza, unadhani kilikuwa cha nini? Wanafikiri taa. Wanafikiri maua. Ndipo namwambia: palikuwa na bakuli la kauri la Kichina, limepachikwa ukutani kama pambo. Bakuli limekwenda, kishimo kimebaki na alama ya kitako chake. Mtu wa Tanga, miaka mia tano na zaidi iliyopita, alikuwa na vyombo vya China na akaona vinafaa kwa kaburi la mzee wake. Kidole cha mgeni hakitoki pale. Nimewaona watu wazima wakizungusha kidole ndani ya kishimo kile kama watoto wanaolamba chungu.

Hilo ukilifanya kwa dakika kumi halifanyiki. Na ukitoka hapo kurudi mjini, njiani kuna Machui, kwao Shaaban Robert, alikozaliwa mwaka 1909 na alikozikwa. Msomaji wa Kiswahili kutoka popote atataka ashuke. Ratiba yako ina nafasi?

Yule mwalimu wa Dodoma alirudi. Miaka miwili baadaye, kwa hiari yake, na mimi nilidhani ananipigia kudai pesa. Akasema, "Dada, safari hii una siku ngapi kwa ajili yetu?" Tukalala Pangani usiku tatu. Nilimwendea kwanza yule nahodha mzee, nikamwomba radhi, nikamwuliza siku gani na saa ngapi. Akapanga yeye. Siku ya pili, saa nne asubuhi, boti ikagusa mchanga. Kijana alikuwa na miaka kumi na moja, sauti imeanza kukwaruza. Hakusema neno. Akashuka, akatembea mpaka mwisho wa mchanga, akarudi, akatembea tena upande wa pili. Binti yeye alikaa chini akachimba.

Jioni Ushongo tukapata bahati nyingine. Wenyeji huhamisha mayai ya kasa kutoka Maziwe kuyaleta ufukweni kwao, maana yakibaki kule maji huyazamisha. Unasubiri kama siku 55 hadi 60. Sisi tukaangukia siku yenyewe. Vitoto vya kasa, kila kimoja kama biskuti, vinakwenda baharini vinaanguka, vinainuka. Mama yao akanishika mkono. Tulisimama vile mpaka jua likazama.

Basi. Jumamosi ijayo asubuhi kuna Koasta itasimama hapa nje, inakwenda Tongoni na Machui. Wale kumi na moja hamna nafasi, wapisheni wenzenu. Nauli kila mtu ajilipie. Chai ya maziwa na mihogo ya kuchemsha ni juu yangu. Kina mama njooni na mitandio, tutakuwa makaburini. Gari linaondoka saa kumi na mbili na nusu, na kurudi sitawaambia saa ngapi.